NELSON, MTOTO WA KASISI WA NORFOLK

Mgeni afikaye katika mkoa wa Norfolk, mashariki ya Uingereza, hukuta majumba makubwa ya kale ambayo milango yake imefunguliwa kwa umma. Liko jumba la Houghton, lililojengwa na Robert Walpole, mtu ahesabiwaye kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Liko jumba la Holkham, lisilo mbali na mchanga wa pwani. Liko la Blickling, la matofali mekundu, ambalo mwenyewe aliliachia shirika la kuhifadhi urithi liitwalo National Trust mwaka 1940. Liko na la Felbrigg, makao ya William Windham, waziri aliyeshughulikia mambo ya jeshi la nchi kavu tangu 1794 hadi 1801. Watu hulipa kiingilio, wakapita chumba baada ya chumba wakitazama picha, vitabu na samani za mabwana waliokwisha kufa.

Lakini nyumba ambayo askari angetamani kuiona kuliko hizo zote haipo tena. Ilikuwa nyumba ya kasisi katika kijiji kidogo kiitwacho Burnham Thorpe, kilometa chache tu kutoka baharini. Ilibomolewa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na nyingine ikajengwa mahali pake. Waliobomoa hawakujua, au hawakujali, kwamba katika nyumba ile alizaliwa mtu ambaye jina lake lingeandikwa katika viwanja vya miji mingi ya dunia. Mtu huyo ni Horatio Nelson.

Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ushujaa mtupu. Makala hii haikusudii kurudia sifa hizo tu. Nelson alikuwa askari hodari kupindukia, na vile vile alikuwa mwanadamu aliyekosea, na kosa lake moja lilikuwa kubwa. Sisi tuliovaa sare tunapaswa kuyatazama yote mawili.

ALIKOZALIWA

Horatio alizaliwa tarehe 29 Septemba, 1758. Alikuwa mtoto wa sita katika watoto kumi na mmoja wa kasisi Edmund Nelson na mkewe Catherine. Baba hakuwa tajiri. Alikuwa na kanisa lake, shamba dogo, na watoto wengi kuliko mapato yake. Upande wa mama ndiko kulikokuwa na ukoo wenye jina, kwani bibi yake Catherine alikuwa dada wa yule Robert Walpole wa jumba la Houghton. Lakini ukoo mkubwa haushibishi watoto. Mwisho wa Desemba 1767 Catherine alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 42, akamwacha Horatio mwenye miaka tisa.

Pwani ya Norfolk haifanani na pwani yetu ya minazi na matumbawe. Ni pwani tambarare, yenye vinamasi vya maji ya chumvi, vilima vya mchanga, na hori nyembamba ambazo maji kupwa huziacha tope tupu na maji kujaa huzifanya njia za mashua. Katika majira ya baridi makundi makubwa ya mabata bukini hushuka kutoka nchi za kaskazini. Kwenye ulimi wa mchanga uitwao Blakeney Point, ambao National Trust imeulinda tangu mwaka 1912, maelfu ya sili huzaa watoto wao, na wakati wa joto ndege wa baharini hutaga mayai juu ya kokoto. Karibu na hapo pana kinamasi cha Cley, kilichonunuliwa mwaka 1926 ili kiwe hifadhi ya ndege. Wenyeji husema kwamba ni katika hori za Burnham Overy ndipo mtoto wa kasisi alipoyajua maji kwa mara ya kwanza. Hapana budi mtoto akuaye mahali pale ajifunze mapema kwamba bahari ina saa zake, na asiyezijua hukwama.

Alisoma katika mji wa Norwich, kisha katika shule ya Paston iliyoko North Walsham. Hakuwa mwanafunzi wa ajabu. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye afya dhaifu, lakini asiyependa kushindwa.

BAHARINI AKIWA NA MIAKA KUMI NA MIWILI

Kaka ya mama yake, Maurice Suckling, alikuwa nahodha katika jeshi la majini. Tarehe 21 Oktoba, 1757, alikuwa amepigana kwa sifa na Wafaransa katika bahari ya Karibi, na kila mwaka familia ya kasisi iliikumbuka siku hiyo kwa furaha. Msomaji na aiweke tarehe hiyo akilini, maana tutakutana nayo tena.

Mwaka 1771 Horatio, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa kwa mjomba wake kwenye manowari iitwayo Raisonnable. Inasimuliwa kwamba alipofika bandarini Chatham hapakuwa na mtu wa kumpokea, akazunguka katika baridi hata ofisa mmoja alipomwonea huruma. Hivyo ndivyo alivyoanza kazi ya maisha yake. Mwaka 1773 alisafiri hadi kwenye barafu ya kaskazini ya dunia. Kisha akapelekwa bahari ya Hindi katika manowari Seahorse, na huko akapatwa na malaria iliyokaribia kumuua. Alirudishwa kwao mwaka 1776 akiwa mifupa mitupu. Ugonjwa huo ulimrudia mara kwa mara.

Alipanda vyeo upesi. Alikuwa luteni mwaka 1777, na mwezi Juni 1779, kabla hajatimiza miaka 21, alipewa cheo cha nahodha kamili. Mjomba wake alikuwa amekwisha kuwa mkubwa katika idara ya majini, na upendeleo wa namna hiyo ulikuwa desturi ya nchi yao. Lakini upendeleo humfungulia mtu mlango tu. Kazi hufanywa na mwenyewe.

Mwaka 1780 alishiriki katika safari ya kijeshi kwenye mto San Juan, nchi iitwayo leo Nikaragua, ili kuiteka ngome ya Wahispania. Ngome ilitekwa, lakini ushindi haukuwa na faida. Mvua, homa na kuhara viliwaua askari wengi mno kuliko risasi, na kati ya mabaharia wa manowari yake ni wachache sana waliopona. Nelson mwenyewe aliondolewa mgonjwa mahututi. Somo hilo hakulisahau. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mkuu wa kundi zima la manowari katika bahari ya Mediterania, alihangaikia malimau, vitunguu na nyama mbichi kwa ajili ya mabaharia kama alivyohangaikia baruti. Alijua kwamba askari mgonjwa hapigani.

MIAKA MITANO YA KUSAHAULIWA

Kuanzia 1784 Nelson alilinda sheria za biashara za Uingereza katika visiwa vya Karibi. Alikamata merikebu za wafanyabiashara waliovunja sheria hizo, ingawa matajiri wa visiwani walizipenda na wakubwa wengine waliziangalia kwa jicho la upande. Walimshitaki, wakamchukia. Katika kisiwa cha Nevis, Machi 1787, alimwoa mjane Frances Nisbet, aliyekuwa na mtoto mmoja wa kiume, Josiah.

Aliporudi Uingereza, vita havikuwepo, na serikali haikuwa na manowari ya kumpa. Akarudi Burnham Thorpe na mkewe, wakakaa nyumbani kwa baba yake kwa nusu ya mshahara. Nahodha aliyekwisha kuona nchi za barafu na mito ya homa alikuwa sasa akilima bustani, akisoma magazeti, na kuandika barua za kuomba kazi. Barua hazikuleta kitu. Miaka ikapita mitano.

Ni rahisi kumsifu askari siku ya ushindi. Ni vigumu kumwelewa askari wakati hakuna amhitajiye, naye anaamka kila asubuhi akijua kwamba taifa lina mambo mengine. Wengi huvunjika hapo, wakageukia ulevi au uchungu. Nelson naye alikuwa na uchungu, lakini alibaki tayari. Mwezi Januari 1793, vita na Ufaransa ilipokuwa mlangoni, alipewa manowari Agamemnon yenye mizinga 64. Vijana wa Norfolk walijiandikisha chini yake. Kabla ya kuondoka aliwakaribisha wanakijiji katika baa ya hapo Burnham Thorpe, ambayo baadaye ilipewa jina lake.

JICHO, KISHA MKONO

Mwezi Julai 1794, katika kuuzingira mji wa Calvi kisiwani Corsica, risasi ya mzinga iligonga kifusi karibu naye, mchanga na mawe vikamrukia usoni. Jicho lake la kulia likapoteza nuru. Halikung'olewa, wala hakulifunika kwa kitambaa kama wachoraji wengi walivyodhani.

Tarehe 14 Februari, 1797, karibu na rasi ya Mtakatifu Vincent, manowari kubwa 15 za Uingereza zilikutana na 27 za Hispania. Mkuu wa Waingereza alikuwa Admirali John Jervis. Nelson aliona kwamba adui angeponyoka kabla ya safu ya Waingereza kumaliza kugeuka. Bila kungoja amri aliitoa manowari yake safuni, akaikatia njia sehemu kubwa ya adui. Kisha akaongoza watu wake kuingia manowari moja ya Hispania, na kutoka sitaha ya hiyo wakaingia nyingine. Jervis alimkumbatia. Upanga mmoja wa admirali wa Kihispania alioupata siku hiyo Nelson aliutuma kwa mji wa Norwich uwe ukumbusho.

Miezi mitano baadaye mambo yaligeuka. Usiku wa tarehe 24 Julai alijaribu kuuteka mji wa Santa Cruz, kisiwani Tenerife. Wahispania walikuwa macho. Risasi iliuvunja mkono wake wa kulia, na Josiah, mtoto wa mkewe, alimfunga jeraha na kumrudisha melini. Mkono ukakatwa usiku ule ule. Waingereza zaidi ya mia moja walikufa, na waliofika mjini walijikuta wamezingirwa, baruti yao imelowa, mashua zao zimevunjika.

Hapo Jenerali Antonio Gutiérrez, mkuu wa Wahispania, alifanya jambo la kukumbukwa. Alikuwa na uwezo wa kuwaangamiza wavamizi wale. Badala yake alikubali masharti: waondoke na silaha zao, wasirudi tena kuvishambulia visiwa vile. Majeruhi wakatibiwa hospitalini kwake, wenye njaa wakapewa mkate na divai, na wote wakapewa mashua za kuwarudisha. Ahadi ikatimizwa kikamilifu. Nelson, akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, alimpelekea jenerali huyo barua ya shukrani. Msomaji na aliweke na hili akilini.

GHUBA YA ABUKIR

Mwaka 1798 Jenerali Bonaparte alivuka bahari na jeshi kubwa la Kifaransa, akaiingia Misri. Nelson alimtafuta kwa wiki nyingi, akipita huku na huku bila habari za hakika, maana wakati ule habari ilikwenda kwa mwendo wa upepo. Hatimaye, alasiri ya tarehe 1 Agosti, aliziona manowari za Kifaransa zimetia nanga katika ghuba ya Abukir, karibu na Iskanderia.

Kamanda mwingine angengoja asubuhi. Nelson hakungoja. Katika wiki zile za kutafuta alikuwa amewaita manahodha wake mara kwa mara, akazungumza nao juu ya kila hali iwezayo kutokea, hata kila mmoja akayajua mawazo ya mkuu wake. Kwa hiyo nahodha wa mbele, alipoona nafasi kati ya safu ya adui na pwani, hakuhitaji kuuliza. Alipita ndani, wengine wakamfuata, na Wafaransa wakapigwa pande mbili. Usiku manowari yao kubwa kuliko zote, L'Orient, ililipuka kwa kishindo kilichosikika mbali sana. Kulipokucha, kati ya manowari kubwa 13 za Ufaransa, 11 zilikuwa zimetekwa au kuteketea. Nelson alikuwa amejeruhiwa kwenye paji la uso, na inasimuliwa kwamba alikataa kutibiwa kabla ya zamu yake, akangoja pamoja na mabaharia wa kawaida.

Jeshi la Bonaparte likabaki Afrika bila njia ya kurudi. Hatuna budi kukumbuka kwamba mataifa mawili ya Ulaya yalipigania mlango wa nchi ya Kiafrika, na wenyeji waliotazama moto ule kutoka pwani hawakuulizwa na upande wowote.

Nelson alipewa ubaroni, na katika jina la cheo hicho alitia mto Nile na kijiji chake cha Burnham Thorpe.

DOA LA NAPOLI

Baada ya ushindi huo Nelson alikwenda Napoli, akapokewa kama mwokozi na mfalme wa nchi ile. Huko alijifungamanisha na Emma, mke wa balozi wa Uingereza Sir William Hamilton. Mapenzi hayo yalimharibia ndoa yake, na wapo wasemao kwamba yaliharibu pia akili yake ya kupima mambo ya siasa.

Mwanzoni mwa 1799 wananchi waliotaka jamhuri waliichukua serikali ya Napoli kwa msaada wa Wafaransa. Mwezi Juni jeshi la mfalme, likiongozwa na Kardinali Ruffo, liliwazingira ngomeni. Kardinali alitaka kuepusha damu zaidi, akawapa masharti: watoke ngomeni, wapande merikebu, waende Ufaransa salama. Masharti yaliandikwa na kutiwa sahihi, na ofisa mmoja wa Kiingereza alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi.

Nelson alifika na manowari zake tarehe 24 Juni. Akatangaza kwamba masharti yale hayana nguvu, kwa kuwa mfalme hakuyaidhinisha. Kardinali alipinga kwa nguvu zake zote, asisikilizwe. Watu waliokwisha kutoka ngomeni kwa kutegemea sahihi zile walishikwa ndani ya merikebu, wakakabidhiwa kwa mfalme. Makumi yao, wakiwemo wasomi na madaktari, walinyongwa au kukatwa vichwa katika miezi iliyofuata.

Hali kadhalika Admirali Francesco Caracciolo, aliyekuwa amewatumikia wana jamhuri, alikamatwa. Asubuhi ya tarehe 29 Juni aliletwa kwenye manowari ya Nelson, akahukumiwa humo na maofisa wa Napoli, na saa kumi na moja jioni akanyongwa kwenye foromali ya manowari nyingine. Aliomba hukumu ya pili, akanyimwa. Aliomba apigwe risasi kama askari, akanyimwa. Maiti yake ilitupwa baharini.

Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Tenerife. Watu wa Nelson walikuwa hai kwa sababu adui wao alitimiza neno lake. Sasa neno lilikuwa mikononi mwa Nelson, naye akalivunja. Wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba kisheria mfalme peke yake ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusamehe. Huenda sheria ilikuwa hivyo. Lakini mtu aliyeweka silaha chini kwa ahadi hajui mabishano ya wanasheria, anajua ahadi. Na jeshi linalojulikana kwa kuvunja ahadi hujiletea hasara yenyewe, maana adui wa kesho hatakubali kusalimu, atapigana mpaka mtu wa mwisho.

YARMOUTH NA COPENHAGEN

Nelson alirudi Uingereza mwaka 1800, akashuka Great Yarmouth, bandari ya mkoa wake, tarehe 6 Novemba. Watu waliwafungua farasi wa gari lake, wakalivuta wenyewe. Mji ulimpa heshima ya uraia, na inasimuliwa kwamba karani alipomtaka aweke mkono wa kulia juu ya Biblia ili aape, Nelson alimkumbusha kwa mzaha kwamba mkono huo aliuacha Tenerife. Lakini nyumbani hapakuwa na furaha. Mapema mwaka 1801 aliachana na Frances, na wakati huo huo Emma akamzalia binti, Horatia.

Mwezi Machi kundi la manowari liling'oa nanga Yarmouth kwenda Denmark chini ya Admirali Sir Hyde Parker, Nelson akiwa wa pili wake. Tarehe 2 Aprili walipigana mbele ya Copenhagen. Wadenmark walipigana kwa ushujaa mkubwa. Parker, akiwa mbali na haoni vizuri, alipandisha ishara ya kusimamisha vita. Nelson aliweka darubini kwenye jicho lake bovu, akasema haioni ishara hiyo, akaendelea mpaka Wadenmark wakakubali kusimamisha mapigano.

Kisa hiki hupendwa sana na vijana, na mara nyingi hueleweka vibaya. Nelson hakuipuuza amri kwa kiburi. Kurudi nyuma katika mlango ule mwembamba chini ya mizinga kungaliweza kuangamiza manowari zake. Wapo wanahistoria wasemao kwamba Parker alikusudia kumpa hiari tu. Isitoshe, Nelson alijua kwamba kama angeshindwa, angesimama mbele ya mahakama ya kijeshi peke yake. Mtu asiye tayari kubeba lawama hana haki ya kulitumia jicho bovu.

Aliporudi Yarmouth tarehe 1 Julai, kabla ya sherehe yoyote alikwenda hospitalini kuwaona majeruhi wa Copenhagen, akapita kitanda hadi kitanda. Mwezi Aprili 1802 baba yake alifariki, akazikwa Burnham Thorpe. Mwana hakuhudhuria mazishi.

TRAFALGAR

Vita vilipoanza tena mwaka 1803 Nelson alipewa uongozi wa bahari ya Mediterania, akiwa katika manowari Victory. Kwa muda wa karibu miaka miwili hakukanyaga nchi kavu. Wafaransa walipotoroka, aliwafuata hata Karibi na kurudi.

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba, 1805, ile tarehe ya mjomba wake, manowari kubwa 27 za Uingereza ziliziona 33 za Ufaransa na Hispania karibu na rasi ya Trafalgar. Nelson alikuwa amewaeleza manahodha mpango wake mapema: kuacha desturi ya safu mbili kupigana sambamba, na badala yake kuikata safu ya adui kwa mikondo miwili. Aliwaachia pia uhuru wa kuamua wenyewe pale moshi utakapoficha ishara. Kabla ya mzinga wa kwanza alipandisha bendera za kuwakumbusha wote kwamba nchi yao inamtazamia kila mtu kutimiza wajibu wake.

Yeye alisimama sitahani akiwa amevaa koti lenye nishani zake. Kiasi cha saa saba na robo mchana, risasi kutoka mlingoti wa manowari ya Kifaransa Redoutable ilimpiga begani, ikapenya hadi uti wa mgongo. Alichukuliwa chini akiwa amefunikwa uso ili watu wasivunjike moyo. Aliishi mpaka saa kumi na nusu alasiri, akiwa amekwisha kupata habari ya ushindi. Manowari 18 za adui zilitekwa au kuteketea. Waingereza hawakupoteza hata moja, lakini watu wao kiasi cha 450 walikufa. Alizikwa London, katika kanisa la Mtakatifu Paulo, tarehe 9 Januari, 1806.

WALIOBAKI

Saa chache kabla ya vita Nelson aliandika ombi kwamba taifa limtunze Emma pamoja na Horatia. Taifa lilimpa kaka yake William, kasisi ambaye hakupigana popote, cheo cha uerli na pensheni ya pauni 5,000 kwa mwaka. Pensheni hiyo iliendelea kulipwa kwa warithi mpaka sheria ya mwaka 1947 ilipoikomesha. Emma hakupewa kitu na serikali. Alifungwa kwa madeni, akafa Calais mwezi Januari 1815. Horatia alilelewa na ndugu za baba yake, akaolewa na kasisi huko Burnham mwaka 1822, akaishi maisha ya utulivu mpaka 1881.

Katika Great Yarmouth watu wa Norfolk walimjengea mnara wa mita 44, uliokamilika mwaka 1819, zaidi ya miaka ishirini kabla ya ule wa London. Mlinzi wake wa kwanza alikuwa baharia wa zamani wa Victory. Na katika kanisa la Burnham Thorpe mgeni ataona makaburi ya Edmund na Catherine, na meza ya kusomea Biblia iliyotengenezwa kwa mbao za Victory.

LA KUCHUKUA NA LA KUACHA

Sisi Waafrika tuna deni jingine la kumdai Nelson. Mwaka 1805, katika barua kwa tajiri mmoja wa Jamaika, aliwapinga watu waliotaka kukomesha biashara ya watumwa. Baada ya kifo chake wapinzani wa sheria ya 1807 waliichapisha barua hiyo, katika nakala iliyobadilishwa hapa na pale, ili jina la shujaa lisaidie kazi yao chafu. Lakini kwenye mnara wa London, katika picha ya shaba ya kifo chake, amechongwa baharia mweusi akiwa na bunduki mkononi. Watu wa asili yetu walikuwamo katika manowari zile, wakapigana kama wengine.

Basi, tuchukue lipi? Tuchukue utayari wake katika miaka mitano ya kusahauliwa. Tuchukue malimau na vitunguu, na ile ziara ya hospitalini. Tuchukue desturi ya kuwaeleza walio chini yetu mpango wetu, ili tutakapoanguka wajue la kufanya. Tuache chuki yake kwa wanyonge waliodai uhuru. Na juu ya yote tuache kitendo cha Napoli.

Hili la mwisho si la maadmirali peke yao. Koplo wa polisi aliyezingira nyumba usiku, akamwambia mtu atoke na hatadhuriwa, amekwisha kutia sahihi. Luteni aliyepokea bunduki kutoka mkononi mwa mwasi porini amekwisha kutia sahihi. Gutiérrez hana mnara unaojulikana duniani kama wa Nelson. Lakini siku ile ya Julai, Tenerife, askari aliyetimiza wajibu wake wote alikuwa yeye, na bila yeye wengi wa wale waliopigana Abukir wasingalikuwa hai kupigana.